Kigeu kinaonekana kwenye terminali, programu inasema hakipo

Swali

Wakuu, habari za kazi. Natumia bash kwenye Linux. Programu yangu ya Python inasoma poti kutoka kwenye kigeu cha mazingira (environment variable). Nikiandika hivi:

```
POTI=8081
python3 seva.py
```

inaanguka na `KeyError: 'POTI'`, ilhali `echo $POTI` inatoa 8081. Nikiweka `export` inakubali, ila nikitumia `sudo` (kuendesha amri kama root, yaani msimamizi mkuu) kinapotea tena. Kinachonichanganya zaidi: `POTI=9000 echo $POTI` bado inatoa 8081. Kulikoni?

Jibu la 1

Hapo mwanzo umetengeneza kigeu cha sheli tu, yaani cha bash yenyewe. Programu ikianzishwa hupewa nakala ya vigeu vilivyopitia `export`, basi. Na kwa kuwa ni nakala, ukibadilisha thamani kwenye terminali wakati seva tayari inakimbia, seva haina habari mpaka uizime na kuiwasha upya.

Kuhusu echo: bash huweka thamani mahali pa `$POTI` kabla ya kuita amri, kwa hiyo 8081 ilishaandikwa pale, hiyo 9000 ikaja imechelewa. Pima kwa `POTI=9000 printenv POTI`. Ukipenda `sh -c 'echo $POTI'`, tumia alama moja za nukuu. Ukiweka mbili, utarudi palepale.

Kwa mara moja tu, `POTI=8081 python3 seva.py` yatosha, bila nafasi kandokando ya `=`. Ukiunganisha amri kwa `|`, kigeu kinakwenda kwa amri ya kwanza pekee.

Jibu la 2

Kwa kawaida sudo husafisha mazingira makusudi, kwa usalama. Taja unachotaka kipite:

```
sudo --preserve-env=POTI python3 seva.py
```

Sera ya sudoers (kanuni za nani anaruhusiwa nini kwa sudo) ikikataa, jaribu `sudo env POTI=8081 python3 seva.py`. Hiyo nayo itagoma kama umeruhusiwa amri chache maalumu na `env` haimo. `sudo -E` siipendi, inajaribu kubeba kila kitu.

Lakini mkuu, sudo ya nini? Linux kwa kawaida inadai root kwa poti zilizo chini ya 1024. 8081 haihitaji.

Muulizaji

Kweli, bila sudo imekubali. Sasa vigeu vimefika kama kumi, nimeviweka kwenye faili la `.env`. Navipakia vipi?

Jibu la 3

```
( set -a; . ./.env; exec python3 seva.py )
```

`set -a` inafanya kila kigeu kinachofuata kiwe kama kimewekewa `export`. Mabano yanazuia vigeu visibaki kwenye terminali yako. Achana na ile `export $(cat .env | xargs)` inayosambaa kila mahali: thamani ikiwa na nafasi ndani yake, inakatika.

Ndani ya faili, `JINA=Seva Kuu` bila nukuu itaifanya bash itafute amri iitwayo `Kuu`. Andika `JINA='Seva Kuu'`.

Kama faili liliandikwa kwenye Windows, kila thamani inabeba herufi isiyoonekana ya `\r` mwishoni. Hii inasumbua kwa sababu `int()` ya Python huipuuza: poti inafanya kazi vizuri, huku nywila ya hifadhidata ikikataliwa na kwa macho iko sahihi kabisa. `cat -A .env` itakuonyesha `^M$`. Ondoa kwa `sed -i 's/\r$//' .env`.

Nywila usiichape kwenye mstari wa amri, itabaki kwenye `~/.bash_history`. Weka `chmod 600 .env`, ukijua kwamba root, na programu nyingine za akaunti yako, kwa kawaida bado zinaweza kuisoma kupitia `/proc/PID/environ` (PID ni namba ya programu inayokimbia).