Filamu ya saa mbili na nusu, kipindi cha dakika 40: mnakata wapi?

Mwalimu wa Nyalenda (Kisumu)

Walimu wenzangu, hamjambo. Kidato cha nne tumefika serikali ya Marekani na wanafunzi wanaikariri kama orodha ya bidhaa za dukani: seneti, baraza, rais, mahakama, basi. Nataka waione ikifanya kazi, kupitia kufutwa kwa utumwa. Nina filamu ya *Lincoln* ya mwaka 2012, kuhusu Rais Abraham Lincoln (dakika 150), projekta moja inayogombewa na idara tatu, darasa la watu 58, na vipindi vitatu: viwili vinafuatana, kimoja kiko peke yake siku nyingine.

Nikate sehemu gani ya filamu? Picha za zamani nizitoe fotokopi au niziangazie ukutani? Na hati za karne ya 19, Kiingereza chake si kitawashinda?

Chaki Nyeupe (Nakuru)

Hatujambo, mwalimu. Kata ile kura ya Bunge la Wawakilishi ya kufuta utumwa, ya tarehe 31 Januari 1865, karibu na mwisho wa filamu. Dakika saba au nane zinatosha. Yaliyotangulia yasimulie mwenyewe kwa dakika tatu. Filamu nzima itakumalizia vipindi vyote vitatu na bado haijaisha, na kitakachobaki vichwani ni ndevu na kofia.

Nimechagua kura kwa sababu inakaguliwa. Kumbukumbu za bunge la wakati ule, *Congressional Globe*, zinaonyesha nani alisema ndiyo na nani hapana, na ziko bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Matokeo: 119 ndiyo, 56 hapana, wanane hawakupiga. Sasa tazama filamu. Wawakilishi wawili wa Connecticut wanapiga hapana. Kwenye kumbukumbu, wote wanne wa jimbo hilo walipiga ndiyo. Filamu pia inawaita wabunge jimbo kwa jimbo, ilhali waliitwa kwa alfabeti ya majina. Mwandishi wa filamu alikubali kwamba alibadilisha, akajitetea kwamba alitaka mtazamaji ahisi jinsi kura ilivyobanana. Waulize wanafunzi kama utetezi huo unapita. Darasa litagawanyika, na hapo ndipo kipindi kinapoanza.

Kisha wape hesabu. Waliopiga ni 175. Theluthi mbili iliyohitajika ni 117 ukikamilisha. Wangegeuka wawili, ingekuwa 117 kwa 58 na hoja ingepita. Wangegeuka watatu, ingeanguka. Acha wakokotoe wenyewe. Waambie pia kwamba ile ni theluthi mbili ya waliopiga kura, wakati Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 256, inadai theluthi mbili ya wabunge wote wa kila bunge. Mtahini anapenda tofauti kama hiyo.

Mpangilio wa vile vipindi viwili: dakika 5 swali ubaoni kabla ya kuwasha chochote (mimi ningeandika: "Filamu hii inataka uamini nini?"). Dakika 8 waangalie bila kushika kalamu. Dakika 8 waangalie tena, daftari limegawanywa safu mbili, "ninachoona" na "nani angeweza kukanusha". Dakika 25 ukurasa wa kumbukumbu, vikundi vya wanne. Dakika 15 mabishano, dakika 10 kuandika. Zinazosalia zitaliwa na nyaya, usijidanganye.

Kuhusu vifaa: weka filamu kwenye laptopu yenyewe, usicheze kutoka kwenye flashi, maana hukwamakwama. Andika saa kamili ya kuanzia na kumalizia, usianze kutafuta mbele ya watoto. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, herufi E inasogeza picha fremu moja moja, nzuri ukitaka wahesabu nyuso. Maandishi ya chini ya skrini ni lazima, kwa sababu lafudhi ile na mwangwi wa darasa lenye mabati havisikilizani; faili la maandishi likiwa na jina lilelile la filamu na likae folda moja, VLC italipakia lenyewe. Spika za laptopu hazifiki safu ya nne. Na ukumbuke laptopu ina betri, projekta haina.

Mzee wa Kurudufu (Kakamega)

Chaki ameimaliza filamu, mimi naingia kwenye picha. Fotokopi, mwalimu, usiangazie ukutani. Picha ya ukutani inatazamwa na safu mbili za mbele. Wengine wanatazama visogo. Karatasi moja ya A4 kwa wanafunzi wanne, nakala 15 kwa darasa lako. Ukipakua kwenye tovuti ya ile maktaba, acha faili la TIFF, zito hilo litakumalizia bando. Chukua JPEG kubwa kuliko zote zilizopo. Picha za wakati ule zina giza, na mashine ya fotokopi hugeuza kila kijivu kuwa cheusi. Ongeza mwangaza kwanza, chapisha nakala moja kwa printa ya leza, ndipo urudufu kutoka hiyo. Ukirudufu nakala ya nakala, nyuso zinapotea.

Kunja au kata maelezo yaliyo chini ya picha. Wakiyasoma kwanza, hawatazami tena. Dakika mbili kimya, kisha wakunje karatasi mara mbili ipatikane robo nne, kila mwanafunzi aorodheshe watu, vitu na vitendo vya robo yake tu. Marufuku kusema "inasikitisha" kabla hawajataja vitu kumi. Hili ndilo linaloharibu vipindi vingi vya picha: mwanafunzi anaruka hadi kwenye hisia, mwalimu anampongeza, na ushahidi haujaguswa.

Picha ya kuanzia ni ile ya mpiga picha Alexander Gardner ya Gettysburg, uwanja wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Julai 1863, askari wa Kusini amelala amekufa katikati ya mawe, bunduki imeegemezwa ukutani. Gardner aliiita maskani ya mdunguaji. Mtafiti William Frassanito alilinganisha picha za uwanja ule na kuonyesha kwamba maiti ileile ilipigwa picha mahali pengine kwanza, kisha ikabebwa takriban yadi 40 hadi kwenye yale mawe. Na bunduki ile si ya aina waliyotumia wadunguaji. Wape picha zote mbili, ya kwanza na ya pili, bila neno, waambie watafute kinachofanana. Kifo ni cha kweli, mandhari imepangwa. Wakishaelewa hilo, hawataitazama filamu yako kwa jicho lilelile.

Mchoro nao unafaa, hasa ule wa Emanuel Leutze wa Washington akivuka mto Delaware. Uvukaji ulikuwa usiku wa Desemba 25, 1776. Bendera iliyochorwa ilipitishwa Juni 14, 1777. Mchoro wenyewe ni wa 1851. Ni dakika kumi tu za kazi, ila usianzie hapo, mada yako ni utumwa.

Tahadhari moja. Picha ya mgongo wa aliyekuwa mtumwa, wenye makovu ya viboko, ya mwaka 1863 iko kila mahali. Ukiitumia, waambie mapema wataona nini, na usiibandike ukutani ikae wiki nzima. Na gazeti la *Harper's Weekly* la Julai 4, 1863 halikuchapisha fotografia yenyewe. Magazeti hayakuwa na uwezo huo bado, ilichongwa upya na fundi. Kwa hiyo kati ya kamera na msomaji kulikuwa na mkono wa mtu mwingine.

Mwalimu wa Nyalenda (Kisumu)

Asanteni sana, naandika. Bado hati. Nilifikiria kuwapa Tangazo la Ukombozi lote, lile la Lincoln kuhusu watumwa.

Karani wa Hati (Bungoma)

Lote hapana. Toa maneno 120 hadi 150, weka nukta tatu pale ulipokata ili wajue umekata, na pembeni eleza maneno sita au saba magumu. Usiliandike upya kwa Kiingereza chepesi halafu uliite hati. Ukifanya hivyo wanasoma maneno yako. Kama ni lazima urahisishe, weka safu mbili, asilia kushoto na yako kulia.

Sehemu ya kuchagua ni ile ya Januari 1, 1863 inayotaja majimbo. Wanafunzi wengi wanaamini Lincoln aliwaachia huru watumwa wote siku hiyo. Waache wasome kwa kidole: linataja majimbo yaliyoasi, kisha linaacha nje parishi 13 za Louisiana (ndizo kaunti za huko), ikiwemo New Orleans, na kaunti 48 za Virginia zilizokuwa zikigeuka kuwa West Virginia. Kentucky, Missouri, Maryland na Delaware hazitajwi kabisa, kwa kuwa hazikuasi. Wape ramani tupu wapake rangi, huru na si huru. Baada ya ramani hiyo hawatauliza tena kwa nini ilihitajika ile kura ya 1865.

Kisha waletee Marekebisho ya 13 ya Katiba ya Marekani, yaliyopigiwa kura ile. Fungu la kwanza ni sentensi moja ya maneno 32, wanaweza kulisoma zima. Waulize ni nani aliyeachwa nje: kuna mlango uliobakizwa kwa mtu aliyehukumiwa kwa kosa la jinai. Hapo utapata maswali mengi kuliko muda. Malizia na majimbo: yalihitajika 27 kati ya 36 kuyaidhinisha, yakatimia Desemba 6, 1865.

Ukitaka sauti za waliokuwa watumwa wenyewe, yapo mahojiano zaidi ya 2,300 yaliyokusanywa kati ya 1936 na 1938. Yana thamani, ila yana miiba. Waliohojiwa walikuwa wazee sana, wengi walikuwa watoto utumwa ulipoisha. Wahoji wengi walikuwa Wazungu, katika Kusini ya ubaguzi. Na matamshi yaliandikwa jinsi mhoji alivyosikia au alivyotaka yasikike. Usimwite mwanafunzi asome kwa sauti tahajia ile, darasa litacheka na kipindi kimekwisha.

Jirani wa Kogelo (Siaya)

Mbona mnakwenda mbali? Kwetu huku anzeni na ndege ya wanafunzi ya Tom Mboya ya 1959, iliyompeleka baba yake Obama Marekani kwa pesa za Kennedy. Wanafunzi wataamka.

Karani wa Hati (Bungoma)

Ndugu, wazo zuri, lakini sentensi yako ndiyo zoezi lenyewe. Ndege ya Septemba 1959 ilibeba wanafunzi 81 na Obama mkubwa hakuwemo. Alikwenda Hawaii mwaka huohuo kwa njia nyingine. Fedha za familia ya Kennedy, dola 100,000, ziliahidiwa 1960. Mwanawe mwenyewe alidai hivyo katika hotuba kule Selma mwaka 2007, na tarehe zikamkataa. Mpe mwanafunzi tarehe hizo tatu na dai lako, akuambie kinachoshindikana. Dakika kumi, bila projekta.

Mwalimu wa Nyalenda (Kisumu)

Basi nitatumia hilo la Mboya kwenye kile kipindi kimoja, pamoja na picha ya Gardner, halafu filamu na hati kwenye vile viwili. Nisahihishe vipi?

Chaki Nyeupe (Nakuru)

Aya moja, alama 10. Alama 2 kutaja nani aliyetengeneza chanzo na lini, 3 kwa kitu alichokiona au maneno aliyoyanukuu, 3 kwa chanzo cha pili kinachokubali au kukataa, 2 kwa hitimisho linalotokana na hayo. Anayesema tu "filamu ni ya uongo" asipate zaidi ya 2. Na chapisha ule ukurasa wa kura nakala 15 hata kama projekta ni yako siku hiyo. Stima ikipotea, unaisimulia filamu kwa mdomo, nao wanahesabu kura.