Amplifaya ya gari yawaka taa nyekundu hata nikichomoa spika zote, nianzie wapi?

MwanaLikoni
Wakuu, salamu. Amplifaya ni ya chaneli nne, klasi AB, iko kwenye buti la Probox. Chaneli 1 na 2 zaendesha spika za milango. 3 na 4 nimezibriji (nimeziunga zifanye kazi kama moja) kwa subwufa moja ya inchi 12 yenye koili mbili za omu 4, nimezifunga sambamba. Kwanza ilikuwa ikipiga robo saa inakatika, ikipoa inarudi. Tangu Ijumaa, ukiwasha redio tu taa ya PROTECT inawaka nyekundu na haitoki. Fyuzi zake mbili za ampea 30 ni nzima. Nimechomoa spika zote na nyaya za RCA, bado nyekundu. Mita ninayo, chuma cha solda ninacho. Nianzie wapi?

KisauniBass
Yakhe, hizo ni mosfeti za pawa (transista za upande umeme unapoingilia). Ng'oa zote ubadilishe, kisha weka fyuzi za 40. Kwisha.

Risasi_60_40
@KisauniBass, la. Mosfeti za pawa zikipiga shoti zinaunganisha B+ (chanya ya betri) na graundi (hasi), na fyuzi inakatika pale pale. Hapa fyuzi ni nzima. Na fyuzi ya 40 mahali pa 30 haiongezi sauti, inahamisha tu moto kutoka kwenye fyuzi hadi kwenye bodi.

@MwanaLikoni, umeshafanya nusu ya kazi. Taa ingerudi kijani baada ya kuchomoa spika, tungesema ni koili au waya wa mlangoni uliochubuka. Kwa kuwa imebaki nyekundu, tatizo liko ndani, na mshukiwa wa kwanza ni transista za kutolea sauti. Moja ikipiga shoti, volti za DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri) zinataka kwenda kwenye spika, na saketi ya ulinzi inazima kila kitu kabla koili haijaungua.

Chomoa waya wa betri, ngoja dakika kumi kapasita zishuke, ndipo ufungue. Tazama transista kubwa zilizobanwa ukutani mwa alumini upande wa spika. Andika namba zake hapa. Weka mita kwenye alama ya dayodi, gusa kolekta na emita (miguu miwili inayopitisha mkondo mkubwa) ya kila moja. Nzima haitalia. Kabla ya kupima omu, gusanisha ncha za mita uone zenyewe zasoma ngapi, maana mita nyingi za bei ya chini zina 0.3 ya kwao.

BintiMtwapa
Wakati amplifaya iko mezani, katazame graundi yake, pale waya wa hasi unapofungwa kwenye chuma cha gari. Huku kwetu upepo wa chumvi unaingia hadi ndani ya buti, na bolti iliyofungwa juu ya rangi huota kutu chini ya washa bila kuonekana. Amplifaya ikishapona, muziki ukiwa juu, weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye tundu la GND la amplifaya. Ikizidi volti 0.2, kwangua rangi hadi chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu. Kwangua pia ncha ya waya wa B+ kwa wembe. Ikiwa chini ya wekundu ni nyeupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, inapitisha umeme kidogo kuliko shaba yenyewe, na chumvi inaila haraka.

MwanaLikoni
Nimefungua. Ni TIP35C na TIP36C, jozi moja kwa kila chaneli. Chaneli 1, 2 na 4 hazilii. Chaneli 3, TIP36C inalia, nasoma 0.4 na ncha zikigusana peke yake ni 0.3. Rizista nyeupe ya 0.22 iliyo kando yake imegeuka kahawia.

Risasi_60_40
Huyo ndiye. Itoe kwenye bodi upime tena, ili uwe na hakika si kitu kingine kilicho sambamba nayo. Badilisha jozi nzima ya chaneli 3, TIP35C na TIP36C pamoja, kwa sababu iliyobaki nayo imebeba mkondo ule ule. Badilisha na rizista hiyo, 0.22 omu wati 5, hata kama bado yasoma. Fuata njia ya shaba kutoka beisi (mguu unaoiamuru) ya TIP36C hadi transista ndogo inayoisukuma, uipime nayo. Ukiiacha mbovu, mpya itaungua siku hiyo hiyo.

Ukinunua nenda na ya zamani mkononi. Bandia ni nyingi, na mara nyingi bati lake la mgongoni ni jembamba na ni nyepesi.

Mgongo wa transista hizi ni kolekta, kwa hiyo karatasi ya maika, isiyopitisha umeme, lazima iwepo kati yake na alumini, na grisi nyeupe kidogo pande zote mbili. Ukishakaza, pima mgongo na alumini: mita isilie. Kosa hili limeua amplifaya nyingi zilizokuwa zimeshapona. Trima ndogo za bodini (rizista za kurekebishwa kwa bisibisi) usiziguse.

Usiirudishe moja kwa moja kwenye betri. Toa fyuzi kubwa ya karibu na betri, mahali pake unga globu ya taa ya mbele, ya wati 55. Ikimweka kisha ikafifia, ni kapasita zilikuwa zinajaa. Ikibaki inawaka kwa nguvu kuna shoti bado, na hakuna kilichoungua. Spika usiunge kwanza. Pima DC kwenye matundu ya chaneli 3, isizidi milivolti 50.

BintiMtwapa
Na kilichoiua ni ule ufungaji. Koili mbili za omu 4 sambamba ni omu 2, na ukibriji kila chaneli inaona nusu yake, yaani omu 1. Amplifaya nyingi za chaneli nne zikibrijiwa zataka omu 4 kwenda juu. Zifunge mfululizo upate 8. Sauti itapungua, lakini haitakatika tena kwa joto.

MwanaLikoni
Globu ilimweka sekunde moja ikafifia, taa kijani. DC chaneli 3 ni milivolti 18. Koili nimezifunga mfululizo, mita yasoma omu 6.9. Graundi ilikuwa inakula volti 0.9! Nimepiga msasa, sasa ni 0.1. Imepiga saa nzima, alumini vuguvugu tu.

KisauniBass
Haya, fyuzi bakisha hizo hizo za 30.