Ombi la ushauri: nizungumzieje albamu mpya za metali redioni, na nijiandaeje kwa shoo yangu ya kwanza?

Mpenzi_wa_Rifu

Jambo kwenu, wakubwa na wadogo. Niko Lubumbashi, Kampemba. Redio moja ya mtaa imenipa robo saa kila Jumamosi usiku nizungumzie albamu mpya za hevi metali kwa Kiswahili. Nafasi hii nimeitafuta muda mrefu, sitaki kuichezea. Wasikilizaji wengi wamekulia kwenye rumba na kwaya za kanisani. Nikiwaambia tu "hii ni nzito, hii ni kali", nitakuwa nimewaacha palepale nilipowakuta.

Nataka kuanza na albamu mbili, zote za 2024: *Dzikkuh* ya Arka'n Asrafokor, wale wa Lomé wanaoimba Kiewe na kuingiza ngoma za Togo ndani ya metali, na *Absolute Elsewhere* ya Blood Incantation wa Marekani. Hii ya pili inanitesa. Ina vipande viwili tu, kila kimoja kinapita dakika 20. Unapigwa na dethi metali, ile metali kali ya sauti za kuunguruma, mara gitaa zinanyamaza, vinanda vya umeme vinatanda polepole hadi unajiuliza kama bado uko kwenye albamu ileile. Nasikilizia kwenye simu, na mega nanunua kidogo kidogo. Nisikilize mara ngapi kabla ya kusema neno?

Kisha kuna hili. Mwezi ujao vijana fulani watapiga metali katika ukumbi mdogo Kamalondo. Kwangu itakuwa shoo ya kwanza ya metali ya ana kwa ana. Rafiki yangu anasema asiyewahi kusimama mbele ya spika hana haki ya kuhukumu albamu. Ni kweli? Nikifika pale nikae vipi? Mama naye anaogopa kwamba huu ni muziki wa shetani. Nisaidieni, aksanti.

Fundi_wa_Mitambo

Ndugu, tuanze na mega, maana hapo ndipo uhakiki mwingi unapoharibikia. Saa moja ya muziki kwa kilobiti 320 kwa sekunde hula karibu mega 144, kwa 128 hula kama 58. Wengi huchukua ile ndogo. Kwenye metali itakudanganya, kwa sababu zinazoumia mapema ni sauti za juu: matoazi yanayeyuka, yanabaki kama maji yanayochemka. Utatangaza redioni kwamba bendi imerekodi vibaya, kumbe bovu ni faili lako. *Absolute Elsewhere* ni kama dakika 44, yaani mega 105 hivi kwa ubora wa juu. Ipakue mara moja, uihifadhi. Na spika ya simu iache kabisa, haina besi. Vaa vipokea sauti vya masikioni, hata vya bei ndogo.

Mara ngapi? Mpaka uweze kufuata besi peke yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Usikilizaji wa kwanza usiandike chochote. Baadaye fuata dramu tu, kisha sauti ya mwimbaji, kisha jinsi vyote vilivyochanganywa. Mwaka 2008 Metallica walipotoa *Death Magnetic*, sauti ilikuwa imebanwa juu hadi inakwaruza. Mashabiki ndio waliogundua kwamba nyimbo zilezile kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero zilisikika safi zaidi. Walikuwa wasikilizaji wa kawaida kama wewe, ila walisikiliza kwa makini.

Na jambo moja watu wa Lubumbashi, mji wa shaba na kobalti, wanastahili kuambiwa redioni. Matoazi ya hali ya juu ni shaba, asilimia 80 hivi, iliyochanganywa na bati. Waya unaozungushwa ndani ya pikapu ya gitaa, kile kifaa kinachonasa mtetemo wa nyuzi, ni shaba. Sumaku za alniko zilizo chini ya nyuzi zina kobalti. Muziki wenyewe ulitoka kwa watu wa viwandani: Tony Iommi wa Black Sabbath alikuwa na miaka 17 mashine ilipomkata ncha za vidole viwili katika kiwanda cha bati za chuma huko Birmingham. Akajitengenezea ncha za plastiki, akatumia nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza zishuke sauti. Ule uzito tunaoupenda ulianzia kwenye mkono ulioumia kazini. Mtu ambaye baba yake alifanya kazi mgodini au kiwandani hahitaji maelezo marefu hapo.

YayaBea_Likasi

Fundi amesema vizuri, ila kutaja vyombo hakutoshi, mdogo wangu. Tumia masikio ambayo wasikilizaji wako wanayo tayari. Mtu wa kwetu anazitenga gitaa tatu za rumba bila kufundishwa: solo, mi-solo, na akompanyema, lile la kusindikiza. Basi mwambie hivi: kwenye metali, akompanyema ndiyo imeshika uongozi. Kifungu kifupi cha gitaa kinarudiwa na wimbo mzima unasimama juu yake. Hiyo ndiyo rifu. Ataelewa papo hapo. Hapa Likasi, enzi za Jadotville, ndipo Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alipomrekodi Jean-Bosco Mwenda mwaka 1952, mtu mmoja na gitaa moja, besi na melodi kwa pamoja. Usiwaogope wasikilizaji wa Katanga, gitaa wanalijua.

Kuhusu Arka'n, tafadhali usiseme "wamechanganya Afrika na metali" ukaishia hapo. Jiulize nani anamfuata nani. Gitaa linatembea kwa hatua za ngoma, au ngoma imewekwa pembeni kama pambo? Jibu lako ndilo uhakiki. Sema pia ni dakika gani ulipolisikia, ili asiyekubali naye aende akasikilize.

Rafiki yako simwungi mkono. Blood Incantation walikwenda kurekodi katika studio ya Hansa, Berlin, na Thorsten Quaeschning wa Tangerine Dream, kundi la Ujerumani la muziki wa vinanda vya umeme, akashiriki. Vile vinanda vilijengwa studioni. Albamu ni kazi kamili, ihukumu kama ilivyo.

Msafiri_Kasumbalesa

Yaya Bea, mimi naona huyo rafiki ana nusu ya ukweli. Nilivuka Zambia nikapita daraja la Kazungula hadi Botswana, mpaka Ghanzi, kwenye tamasha linaloandaliwa na Overthrust, bendi ya metali ya hukohuko. Watu wamevaa ngozi na vyuma mwili mzima, kofia pana, buti, na wanakupokea kwa adabu ambayo sijaiona kwenye konsa nyingi. Pale ndipo nilipojua dramu ya mguu inasikika kifuani kabla ya masikioni. Tangu siku hiyo, albamu ambayo mguu wa dramu umefifia naitambua haraka.

Sasa wewe, Kamalondo. Nunua vizibo vya masikio, kabla hata ya tiketi. Sauti ya desibeli 85 sikio hustahimili saa 8, ikifika 100 ni dakika 15 tu, na ukumbi mdogo hufika hapo bila shida. Simama karibu na meza ya fundi mitambo, maana yeye anachanganya sauti kwa kusikia kutoka pale. Duara la kusukumana likianza, kaa ukingoni kwanza uone linavyokwenda. Anayeanguka anainuliwa mara moja na waliomzunguka, na hilo ni jukumu lako pia hata kama humjui. Simu iweke mfukoni. Fika mapema usikilize bendi ya kufungua, mara nyingi ndiyo inayokuja kukushangaza.

Mama_Esta_Katuba

Kuhusu mama: usibishane naye, kaa naye msikilize pamoja. Geezer Butler, aliyeandika maneno mengi ya Black Sabbath, alilelewa Mkatoliki, na albamu yao ya 1971 ina wimbo unaomtetea Mungu waziwazi. Msomee maneno kwa Kiswahili. Kuna bendi ambazo maneno yao hata mimi siwezi kuyatetea, na hilo nalo mwambie. Akuone unachagua.

Mpenzi_wa_Rifu

Aksanti sana wote. Jana usiku nilifuata besi ya *Dzikkuh* peke yake na nikapata mambo ambayo sikuwahi kuyasikia. Nabakiwa na swali moja. Wale vijana wa Kamalondo nimewasikia mazoezini. Wana moto, lakini gitaa mbili hazijapatana sauti na mwimbaji anaunguruma kwa koo, atapoteza sauti kabla ya wimbo wa nne. Ni watu wa mtaani kwangu. Niyaseme hayo redioni?

YayaBea_Likasi

Mazoezi hayahakikiwi redioni. Nenda kwao wiki hii, uwaambie uso kwa uso, wapatanishe sauti za gitaa kabla ya kila wimbo, na mwimbaji ajifunze kusukuma pumzi kutoka tumboni. Shoo ikishapigwa mbele ya watu waliolipa, hapo sema yote uliyoyasikia, mazuri na mabaya, kama utakavyofanya kwa Blood Incantation.

Fundi_wa_Mitambo

Na waulize nani anashika meza ya sauti siku hiyo. Kama hawana mtu, niandikie pembeni, nitakuja.