Sabuni ya mwani: nishikamane na hoteli au wateja wa mtaani? Naomba ushauri

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Paje, Unguja, natengeneza sabuni ya mwani kwa mafuta ya nazi na karafuu ya Pemba. Sabuni hii hukaa wiki nne hadi sita ndipo ikauke vizuri, kwa hiyo siwezi kumtosheleza kila mtu. Lazima nichague wa kumuuzia.

Hoteli huchukua nyingi kwa mpigo, lakini kwa mkopo. Ipo moja mpaka leo haijanilipa, na mafuta mimi nanunua taslimu! Masika yakiingia, Aprili na Mei, wageni hupungua na oda hukatika. Mtalii wa ufukweni habishani sana bei, ila keshokutwa yuko kwao. Mama wa mtaani anataka bei ndogo, lakini akiipenda anarudi, tena anamleta na shoga yake. Moyo wangu uko kwao, hasa wale wanaouza singo ya kusugulia mwili na vifurushi vya bibi harusi.

Mliokwishapita njia hii, hoteli niidai malipo ya awali kiasi gani bila kuikimbiza? Na bei ya mgeni na ya mwenyeji, niweke moja au mbili? Nawategemea sana.