Nembo kwenye sweta na jaketi za mvua: kudarizi moja kwa moja, beji, au kubandika kwa presi?

Fundi_Kadutu (Bukavu)
Jambo wenzangu. Nina kazi mbili mezani: sweta za buluu za shule, na jaketi zisizopitisha maji za wanamotari, waendesha pikipiki. Wote wanataka nembo kifuani, kushoto. Naona njia tatu: kudarizi moja kwa moja, kudarizi beji pembeni na kuishonea, au kubandika kwa presi ya moto. Mvua ya kwetu inaanza Septemba na haiachi mpaka Mei, kwa hiyo jaketi ikivuja, mteja atarudi wiki ile ile.

Mama_Triko (Goma)
Papa fundi, kwa sweta sina mashaka: darizi moja kwa moja. Beji ngumu juu ya triko, yaani kitambaa cha kufuma kinachovutika, inaning'inia, na ikishafuliwa kifua kinakunjamana kuizunguka.

Ila triko usiibane ndani ya fremu ya kudarizia. Ikivutwa, mashini inadarizi juu ya kitambaa kilichotanuka; ukifungua fremu kinarudi na nembo inajikunja. Bana vlizelini peke yake, kile kitambaa cha kuweka chini ili kishikilie mishono, ile nene ya kukata kwa mkasi. Ya kuchana haifai, kwa sababu baada ya kufua hakuna kinachoshikilia mishono. Puliza gundi kidogo, laza sweta juu bila kuivuta, kisha mashini iizungushie nembo mishono mirefu ya kushikilia sweta. Juu weka ile nailoni inayoyeyuka ndani ya maji, la sivyo uzi unazama katikati ya vitanzi na herufi zinapotea. Sindano 75/11 yenye ncha ya mviringo, ipite kati ya vitanzi bila kuvikata. Herufi zisizofika milimita 5 kwa urefu, mwombe mwalimu mkuu aziondoe. Atakubali ukimwonyesha sampuli.

Darizi_Lushi (Lubumbashi)
Mama amemaliza upande wa sweta. Kwa jaketi mimi napinga kudarizi moja kwa moja kifuani. Nembo ya kawaida ina maelfu ya mishono, na kila mshono ni tundu kwenye ule utando unaozuia maji. Tena maji yanafuata uzi wenyewe mpaka ndani. Motari anapoendesha, upepo unasukuma mvua kifuani pale pale.

Hapa kwetu makampuni ya migodi yanapenda beji. Unadarizi pembeni kwa raha, halafu unashona ukingo tu. Matundu yapo, ila ni machache.

Sindano_ya_Ibanda (Bukavu)
Yaya wa Lushi, machache bado yanavuja. Nyuma yake lazima ubandike utepe wa kuzibia mishono, ule wa pasi, na jaketi yenye bitana iliyoshonwa pande zote haikupi nafasi ya kufika huko mpaka ufumue.

Kubandika kwa presi hakutoboi kitu, lakini jaketi nyingi ni nailoni yenye tabaka la plastiki ndani. Moto ukizidi, tabaka linavimba. Tafuta karatasi ya kubandika ya moto mdogo, na ujaribu kwanza upande wa ndani wa pindo.

Fundi_Kadutu
Asanteni. Wanamotari wanataka uzi, hawataki plastiki. Wanasema ya kubandika inabanduka.

Mama_Triko
Basi angalia jaketi yenyewe, Papa. Je, ina kile kifuniko cha kitambaa juu ya zipu, au kifuniko cha mfuko wa kifua? Darizi hapo. Maji yakipita tundu yanaishia chini ya kifuniko, hayafiki mwilini. Tumia sindano ya ncha kali 70/10, na faili ya mchoro ipunguziwe mishono: nafasi kati ya nyuzi itoke milimita 0.4 ifike 0.45. Mishono ikisongamana, matundu yanaungana na kitambaa kinachanika kama stempu.

Fundi_Kadutu
Kifuniko cha mfuko kipo, upana kama vidole vinne. Nembo itabidi ipungue.

Darizi_Lushi
Punguza, ni afadhali. Na kabla ya kugusa jaketi zote, omba moja ya sampuli. Ukishadarizi, laza sehemu ile juu ya kikombe, funga kwa mpira, mimina maji juu, uache mpaka jioni. Kabla ya kufunga, tia karatasi kavu ndani ya kikombe. Karatasi ikiloa, muite mteja aje aone kwa macho yake kabla hamjakubaliana bei.

Fundi_Kadutu
Jaketi moja ninayo hapa. Naanza nayo kesho asubuhi, umeme ukiwepo.