Mteja anasema kila kitu ni cha lazima, mnapangaje mahitaji ya mfumo?

Muulizaji:
Wakuu naombeni msaada. Nina mradi wa mfumo wa mauzo na stoo, tumekusanya mahitaji kama 40 hivi na kila nikimuuliza mteja kipi kianze anajibu vyote, na muda tulionao hautoshi hata nusu. Halafu kwenye orodha "muuzaji aweze kutoa risiti" imekaa pamoja na "mfumo uwe na kasi", hata sijui navilinganishaje.

Jibu 1:
Hivyo viwili vitenganishe kwanza. Kutoa risiti ni kazi ambayo mfumo unaifanya, kasi ni sifa ya namna unavyoifanya, ukivipanga foleni moja kasi itasukumwa nyuma kila wiki maana haina kitufe cha kumwonyesha mteja. Na usikubali "uwe na kasi" hivihivi, ataje namba, mfano ukurasa ufunguke ndani ya sekunde 2 watu 100 wakiwa wanautumia, hapo ndo unaweza kupima. Mi niliwahi kuliacha hilo hadi mwisho tukaishia kupanga dataibesi upya karibu yote, iliniuma sana.

Jibu 2:
Kwenye kupanga tumia njia inayoitwa MoSCoW, ilianzishwa na Dai Clegg mwaka 1994, ina mafungu manne: lazima kiwepo, inafaa kiwepo, kikiwepo sawa, na safari hii hakimo. Ila usimuulize mteja "hiki ni muhimu?" atasema ndio tu, muulize "hiki kisipokuwepo siku ya kuzindua, tunaahirisha?" Akisita, kishushe fungu. Wale wa DSDM (mbinu ya kuendesha miradi inayotumia MoSCoW) wanashauri vya lazima visizidi asilimia 60 ya nguvu ya timu, ili mambo yakienda kombo uwe na vya kupunguza.

Muulizaji:
Hilo swali nimelipenda. Na ile ya kulinganisha viwili viwili je?

Jibu 3:
Kwa vitu 40 hizo ni jozi 780 mkuu, mteja atachoka hamjafika hata robo. Fanya kwa vile vinavyogombania nafasi tu, vikiwa 8 ni jozi 28. Tena kabla ya hapo angalia kipi kinategemea kipi, risiti haitoki kama bidhaa hazijasajiliwa, hata mteja aipe namba moja.

Muulizaji:
Daah kusajili bidhaa tulikuwa tumeiweka ya 23. Naipandisha leo leo.