Joto la sakafuni kwenye nyumba ya mwaka 1967: tuweke au tuachane nalo?

MamaNuru_Kassel

Salaam wakuu. Naomba ushauri kabla sijamwaga hela.

Tumenunua nyumba huku Kassel, Ujerumani, ya mwaka 1967. Ina ghorofa moja, na chini yake kuna besimenti yenye boila ya gesi. Kila chumba kina redieta yake chini ya dirisha, lile bapa la chuma linalopitisha maji ya moto ya boila. Boila imezeeka, inakohoa kama trekta. Mume wangu ameshikilia tuweke joto la sakafuni sehemu ya chini, mita za mraba 62, halafu mwakani tuiondoe boila tuhamie pampu ya joto, ile mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kuliingiza ndani. Kaja fundi mmoja na mita yake, akapima, akasema hakuna haja ya kuvunja chochote: atachana mifereji kwenye sakafu iliyopo, alaze bomba, afunike, vigae juu. Siku tatu kazi imekwisha. Bei euro 5,200, vigae mbali.

Mimi nimekulia Old Moshi, baridi ya Juni naijua, lakini tulikuwa na moto jikoni unauona kwa macho. Huu moto wa kuzikwa ardhini sijauamini. Unapasha haraka? Bomba likivuja chini ya vigae nitajuaje? Zulia langu la sebuleni nilitoe? Halafu mama mkwe anakuja Desemba, miguu yake huvimba, na rafiki yangu mmoja kaniambia sakafu ya moto itammaliza. Ni kweli?

FundiBomba_Bremen

Hongera kwa nyumba, dada. Mimi mtu wa Tanga, nafunga mabomba huku mwaka wa kumi na nne sasa, na kwangu ninalo joto la sakafuni. Nitakwambia lote, zuri na baya, usidhani kila fundi husifia kinachomlisha.

Redieta hupasha hewa, hewa ikapanda zake darini. Unakaa kichwa kina joto, miguu imeganda. Sakafu inaanzia miguuni, ndiyo maana nyuzi 20 za sakafuni huzisikii mwilini kama nyuzi 20 za redieta. Vumbi nalo halizungushwi sana chumbani, na kuta zinabaki huru uweke kabati utakako. Mama yangu alikuja Januari mwaka juzi, theluji imefika magotini, akalikataa kochi. Alitandika mkeka jikoni, akanyoosha miguu, sinia la mchele mapajani, akawa anachambua huku ananipa habari za Pangani. Unga wa maandazi aliuweka palepale sakafuni karibu na mlango, ndani ya beseni lililofunikwa kitambaa. Haukupita muda mrefu kitambaa kikawa kimenyanyuka. Nyumba ya redieta huo unga ungelala hadi kesho.

Lakini faida kubwa haiko miguuni, iko kwenye maji. Redieta za zamani hutaka maji ya nyuzi 60, 70. Sakafu kwa kuwa ni pana inatosheka na nyuzi 30 hadi 40. Pampu ya joto hilo inalijali mno: kila nyuzi moja unayoshusha kwenye maji, umeme inaoula unapungua kwa asilimia 2 na kitu. Shusha nyuzi 20 halafu ujipigie hesabu mwenyewe. Hapo mumeo yuko sahihi.

Sasa ubaya. Kwanza, sakafu si jiko la mkaa la kuwasha ukipata wageni. Kwangu bomba limezikwa kwenye saruji ya sentimita 6. Ikiwa imepoa kabisa nikawasha asubuhi, naisikia vizuri jioni. Mwezi wa Machi ndiyo kero: usiku baridi, nyumba imejipasha, saa tano jua linaingia dirishani na sakafu bado inatoa joto la jana. Sebule inafika nyuzi 25, tunafungua madirisha. Hiyo ni hela inayoruka nje. Ya kwako ya mifereji bomba linakaa karibu na juu, itakuwa nyepesi kuliko yangu, ila bado usitegemee ya kubonyeza swichi.

Pili, nguvu yake ina kikomo. Kanuni za Ulaya zinataka uso wa sakafu usizidi nyuzi 29 mahali watu wanapokaa, bafuni 33. Sakafu ya 29 kwenye chumba cha 20 inatoa kama wati 100 kwa kila mita ya mraba, basi. Haiongezi hata ukilia. Na sehemu iliyokaliwa na kabati au kochi lisilo na miguu usiihesabu. Kama ukuta wa 1967 na vioo vya zamani vinapoteza joto zaidi ya hilo, utakaa na sweta juu ya sakafu ya moto.

Sasa niulizie huyo bwana mwenye mita. Alipima unene wa sakafu iliyopo? Kuchana mifereji kunataka saruji iliyoshiba na ngumu, si sakafu ya sentimita tatu inayolia kama ngoma. Alishuka besimenti kuangalia dari? Mifereji haiweki kizuizi chochote cha joto chini ya bomba. Kama dari la besimenti ni zege tupu, utakuwa unawapashia joto panya. Na la mwisho, ambalo kwangu ndilo la kwanza: aliuliza kuhusu gundi? Nyumba nyingi za miaka hiyo zilibandikwa vigae vya plastiki kwa gundi nyeusi, na gundi hiyo mara nyingi ina asbesto. Ujerumani waliipiga marufuku asbesto mwaka 1993, nyumba yako ni ya 1967. Ukipitisha msumeno pale unawapulizia watoto vumbi la saratani nyumba nzima.

Mjukuu_wa_Makunduchi

Niko Bergen, Norway. Huku bafu lisilo na joto sakafuni watu wanakuuliza kama umeshahamia au bado. Langu ni la waya wa umeme, si maji. Mita za mraba 4, wati 600. Likiwaka saa kumi kwa siku ni uniti 6, na uniti moja ya umeme inakupa uniti moja ya joto, haizidi. Kwa bafu nasema weka, kwanza sakafu inakauka upesi na ukungu unapungua. Kwa nyumba nzima kwa waya, dada, bili itakutembelea kabla ya mama mkwe.

MamaNuru_Kassel

Kaka wa Bremen, umeninyima usingizi. Jana nimeshuka besimenti na tochi. Dari ni zege tupu, limepigwa chokaa, ukiligusa ni baridi kama samaki wa barafu. Nikapanda jikoni, nyuma ya friji kuna kona ambapo kigae cha plastiki kilikuwa kimeshavunjika zamani. Chini yake gundi nyeusi tititi.

Nimempigia yule fundi kumuuliza. Kanijibu, "Ah, huwa tunafyonza vumbi na mashine, usihofu." Nikakata simu nikiwa na hofu zaidi.

Ila kaka, miguu ya mama mkwe na bomba kuvuja hujanijibu. Na zulia.

FundiBomba_Bremen

Dada, hiyo kona usiikwangue, usiipige tindo, usiifagie. Kifunike kigae kwa utepe wa gundi, rudisha friji. Wapo watu wenye kibali cha kazi hiyo, waite wachukue kipande cha ukubwa wa ukucha kiende maabara. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na hizo euro 5,200. Nyeusi si lazima iwe na asbesto, lakini mpaka karatasi ya maabara ije, hakuna mtu kuwasha msumeno. Mtu anayekujibu "usihofu" kabla hajapima, mimi simpi ufunguo wa nyumba.

Miguu ya mama. Hayo maneno yana asili yake. Zamani nyumba hazikuzibwa vizuri, ikabidi sakafu isukumwe moto mkali ili chumba kipate joto, na watu kweli walilalamika miguu kuwa mizito. Sakafu ya siku hizi kwenye nyumba iliyozibwa vizuri huwa nyuzi 23, 25, ukiweka kiganja huoni moto, unaona tu kwamba si baridi. Lakini miguu inayovimba ina sababu yake mwilini, hilo muulizeni daktari wake, si fundi bomba.

Kuvuja. Bomba lenyewe halina tabia ya kuvuja lenyewe. Kila mzunguko ni kipande kimoja, mita 100 hivi, kinatoka kwenye kisanduku ukutani na kurudi palepale, bila kiungo chini ya sakafu. Ukiona fundi anaunga katikati, msimamishe. Liwe bomba lenye utando wa kuzuia oksijeni, la sivyo vyuma vya mfumo vitaoza na tope litaziba njia. Na kabla ya kufunika wanalijaza maji kwa presha na kuliacha. Usiambiwe kwa simu kwamba limepimwa, nenda ukaisome geji kwa macho yako, jioni na asubuhi.

Adui wa bomba ni drili. Na hapa nitajianika. Mke wangu alitaka kile kidude cha kuzuia mlango wa bafu usigonge ukuta. Kitundu kimoja, sentimita 5. Mimi fundi, nyumba niliyoifunga mwenyewe, nikasema pale hakuna bomba. Drili ikashuka, ikalegea ghafla, nilipoichomoa maji vuguvugu yakaja juu kama chemchemi. Mke wangu kasimama mlangoni na ndoo, hasemi neno. Bora angesema. Nilikimbilia kisandukuni nikafunga mzunguko wa bafu peke yake, nyumba iliyobaki ikaendelea kupata joto. Nikavunja vigae viwili, nikakata bomba, nikaweka kiungo cha kubana, saa tatu zikaisha. Picha za mabomba kabla ya kumwaga saruji nilikuwa nazo, ndiyo, kwenye simu iliyokufa mwaka mmoja kabla. Wewe zipige huku futikamba imelazwa kutoka ukutani, halafu zichape kwenye karatasi uibandike ndani ya mlango wa kisanduku. Hicho kiungo changu bado kiko chini ya kigae, na kila nikioga nakikanyaga.

Zulia jembamba halina neno. Lile nene lenye mpira chini ni blanketi umeifunika sakafu. Na pasipo na haja pasipitishwe bomba: stoo ya vyakula, kwa mfano. Mteja wangu mmoja viazi vilimchipulia kwenye gunia kama yuko shamba.

Sasa neno langu la moyoni. Huenda hiyo sakafu hata huihitaji. Baridi ikishafika hasa, nenda kwenye boila, shusha maji yanayokwenda kwenye redieta hadi nyuzi 55, fungua redieta zote hadi mwisho, kaa hivyo siku mbili. Vyumba vitakavyobaki na joto, redieta zake zinaifaa pampu kama zilivyo. Vitakavyopoa, badilisha redieta uweke pana zaidi, pengine mbili au tatu nyumba nzima. Pampu itakula umeme kiasi zaidi kuliko kwa sakafu, sikufichi, lakini hujagusa gundi. Na kabla ya yote pigilia mbao za povu gumu kwenye dari la besimenti, sentimita 8 au 10 kama mlango haugongi. Hiyo kazi mumeo anaiweza wikiendi mbili, na sakafu ya jikoni utaiona imebadilika.

Mjenzi_Makete

Mkuu FundiBomba, samahani kuingilia. Niko Makete, Julai asubuhi tunakuta barafu kwenye majani ya viazi. Namalizia nyumba, bado sijapiga sakafu. Naweza kuweka hayo mabomba nikaunganisha na tangi la maji ya jua?

FundiBomba_Bremen

Mkuu, baridi yenu ya Makete naiheshimu, lakini saa unazohitaji joto ndizo jua halipo, ungehitaji tangi kubwa sana. Halafu bati lako bila dari litalitoa joto lote juu. Piga dari, juu yake weka kitu cha kuzuia joto, ziba nyufa za milango na madirisha. Ukishamaliza hayo na bado unatetemeka, rudi hapa tuongee. Ila kwa kuwa hujapiga sakafu, tandika povu gumu chini ya saruji sasa hivi. Baadaye huwezi kurudi nyuma.

MamaNuru_Kassel

Mrejesho wakuu. Yule fundi wa mita tumemwambia asubiri. Kipande kimekwenda maabara, majibu Alhamisi. Mume wangu kasoma uzi wote kimya, mpaka kwenye drili akacheka hadi machozi, kisha kaniuliza boila inashushwa kwa kitufe kipi. Sasa yuko besimenti na miwani, anasoma kitabu chake cha maelekezo cha Kijerumani cha miaka ya tisini.

Kaka, mbao za povu anasema atazipigilia kabla mama yake hajafika. Zulia halitoki.